Ushauri Wangu Ulimfunga Mpwa Wangu

Admin, nakuomba ulifiche jina langu. Nanyi wasomaji mniwie radhi: niliwaomba dua kesi ya mpwa wangu ilipoanza, kisha nikanyamaza miezi mingi. Sikuwa na uso wa kuandika.

Nina umri wa miaka sitini na tisa, ni mwalimu mstaafu, ninaishi Bweni, kaskazini mwa Mafia. Mpwa wangu, ambaye nitamwita Shaame, ni mtoto wa pekee wa dada yangu. Alishtakiwa kuiba mashine ya boti iliyopotea ufukweni mchana wa Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Shahidi mmoja alidai kumwona akiibeba. Lakini Ijumaa hiyo Shaame alikuwa Kiegeani tangu asubuhi, kwa fundi aliyekuwa akimtengenezea pikipiki. Alisali huko, akala huko, akarudi jioni.

Kosa langu lilianzia kwenye televisheni. Nimezoea kutazama filamu za mahakamani, zile ambazo mtu huzifasiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Kuna moja niliyoirudia mara nyingi: wakili ananyamaza kesi nzima, siku ya mwisho mlango unafunguliwa, anaingia shahidi asiyetarajiwa, mwendesha mashtaka anaduwaa, na mshtakiwa anatoka huru.

Shaame alipopata dhamana alikuja kwangu. "Mjomba, nitamwambia hakimu kwamba nilikuwa Kiegeani."

"Ukisema sasa, upande wa mashtaka utajipanga," nikamjibu. "Fundi tumweke mpaka siku ya utetezi."

"Mjomba, ile si filamu tu?"

"Nimefundisha miaka thelathini na tano. Wewe sheria umeisomea wapi?"

Akacheka, akatii. Hata fundi alinitania: "Mwalimu, kumbe uwakili ulikupita hivi hivi!" Nami nilifurahi, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Siku ya utetezi, mahakamani Kilindoni, fundi alisimama akaeleza kila kitu. Hakuna aliyeduwaa. Mwendesha mashtaka aliinuka taratibu, akasema kwamba sheria inamtaka mshtakiwa anayedai alikuwa mahali pengine atoe taarifa mapema, ili dai lake lichunguzwe. Hakimu akamwuliza Shaame, "Kwa nini hukusema mwanzo?"

Shaame akageuka, akanitazama nilipokaa. Kisha akasema, "Nilisahau, Mheshimiwa."

Ningeweza kusimama. Sikusimama. Hakimu hakuupa uzito ushahidi wa fundi. Miaka miwili.

Dada yangu alikuwapo, akasikia. Tangu siku ile anaamini mwanawe ni mwizi. Gerezani haendi. Nguo za mwanawe amezigawa.

"Kaka, mtu husahau alikokuwa siku anayosingiziwa wizi?" aliniuliza. "Angekuwa na la kusema angelisema siku ya kwanza. Usinitajie tena jina lake."

Nikanywa chai yake, nikaaga.

Wiki iliyopita nilikwenda gerezani kumwambia Shaame kwamba nitausema ukweli. Amekonda. Aliniamkia shikamoo kama kawaida, kama kwamba mimi bado ni mtu wa kuamkiwa.

"Usimwambie Mama," alisema. "Macho yake yanakwisha. Hospitali anapelekwa na nani kama si wewe? Akikufukuza na wewe, atabaki na nani?"

"Na wewe je, mwanangu?"

"Mimi nimeshazoea, Mjomba. Nenda, usije ukakosa gari."

Mwanasheria anayetusaidia bila malipo anaandaa rufaa, na siku za kuiwasilisha zinakwisha. Haahidi kitu. Ameniuliza mara mbili kwa nini Shaame alinyamaza, nami mara zote mbili nimetazama chini. Nikimweleza, yatafika kwa dada yangu kabla ya magharibi. Bweni ni ndogo.

Nimechoka, wasomaji. Kwa Shaame nimekwisha kufanya kosa moja kwa kujifanya najua, naogopa la pili. Sijui tena kama nanyamaza kwa sababu ameniomba, au kwa sababu naiogopa aibu yangu. Nyinyi mliowahi kukaa na jambo kama hili, niambieni: nimtii aliyefungwa kwa ajili yangu, au nimrudishie mama mwanawe hata kama mimi atanifungia mlango?

Pole zenu msinipe. Nitawaandikia nikishatoka kwa dada yangu. Na nikiona siendi, nitawaandikia hilo pia.