Kiraka cha Mama

Juzi nilikuwa Soko la Toi nikipekua mitumba, maana kazi yangu inakula matambara, muuzaji mmoja akanipigia kelele: "Niaje msanii! Leo unanunua, ama umekuja tu kunusa?" Watu wakacheka. Wacha wacheke. Shule niliachia darasa la sita, na leo vitambaa ninavyoshona na kuvibandika mabati na kamba na rangi vinaning'inia kwenye kuta za wenye nazo. Hakuna aliyenifunza. Nimejitengeneza mwenyewe, rafiki yangu, na nasema bila aibu.

Lakini sindano ya kwanza niliiona kwa nyanya yangu.

Nyumba yetu ya mtaa wa Mashimoni ilikuwa chumba kimoja, pazia limekikata katikati. Kule kitanda chake, huku sisi na stovu ya mafuta taa, harufu ya omena, vile visamaki vikavu, imeshika mpaka blanketi. Pazia lenyewe lilikuwa la viraka. Mtu wetu akifa, kabla hajasafirishwa nyumbani magharibi na nguo zake kugawiwa jamaa, nyanya alikata kipande cha nguo moja akakishona pale. Shati la babu. Ovaroli ya mjomba. Gauni la mama, aliyetuacha mimi na dada tungali wadogo sana. Hakuandika majina. "Mwenye mtu wake anamjua," alikuwa akisema, huku anasonga ugali, nami nimeegemeza shavu kwenye kiraka cha mama mpaka usingizi unibebe.

Nyanya alipofariki, akina mama wa kanisa walikuja kutayarisha nyumba kwa matanga, vile inavyofanywa. Wakafagia, wakatandika vitambaa vyeupe kwenye kila kiti ili wageni wasitucheke. Pazia waliliona tambara tu. Wakalipangusia sakafu, wakalitupa mtaroni. Walitusaidia, siwezi kuwalaumu.

Baadaye nikaanza kulishona upya kwa kumbukumbu, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya, na nikakwama kwa mama. Mimi naona gauni la samawati. Nikamwendea dada kule Kawangware, anakouza samaki.

"Samawati wapi, wewe?" akaangua kicheko. "Lilikuwa kijani, lina maua. Ulikuwa bado unanyonya kidole, utajua nini!"

Picha hatuna. Tukabishana mpaka wateja wakatukodolea macho. Halafu akaendelea kukwangua magamba.

"Ama nakumbuka la mama jirani," akasema. "Hata sijui tena, ndugu yangu."

Wa kuulizwa wameisha. Tuliwasindikiza mmoja mmoja, wakaenda na rangi zao.

Nikatafuta gauni la mtumba, la samawati, nikakata, nikashona. Wageni wakija kuitazama kazi hiyo, hapo ndipo wanaposimama sana. Mmoja alitoa machozi. Nami husimama kando, kifua mbele, nikieleza. Chini ya kiraka nimeandika "Mama". Nguo ni ya mwanamke wa Ulaya nisiyemjua, na labda bado yu hai.