Kitabu cha Sindano Nilichokifua

Nilikiharibu kitabu cha sindano cha madam siku ya Jumanne asubuhi, kwa sababu sikupekua mfuko.

Nilikuwa nikimfanyia usafi mara mbili kwa wiki. Kampuni iliyonileta Dubai ilitugawa kwa saa, asubuhi nyumba hii, mchana nyumba ile, na basi dogo likitushusha na kutupakia. Madam alikuwa mama wa Kiingereza wa miaka sabini na kitu, mjane na mwalimu mstaafu, aliyehamia huku ili awe karibu na binti yake. Hakuwa na maneno mengi. Asubuhi hiyo nilikusanya nguo zake chafu, nikaokota na gauni la nyumbani lililokuwa limetundikwa mlangoni, nikavitia vyote kwenye mashine.

Mashine iliposimama, nikakuta sindano zimechoma mashuka. Chini kabisa, kwenye ule mpira wa mlango, kulikuwa na kitu kilicholowa na kujikunja kama jani la kabeji lililochemshwa. Nilikitambua mara moja. Wiki chache kabla, madam alikuwa amekiweka kiganjani mwangu nikitazame. Kilikuwa kitabu kidogo kabisa, jalada lake hariri ya zambarau iliyotariziwa maua ya buluu. Ndani hakikuwa na karatasi bali kurasa nne za kitambaa cheupe cha sufu, kingo zake zimeshonwa kwa uzi wa rangi, na sindano zimechomekwa humo kwa mpangilio, ndogo hadi kubwa. Upande wa ndani wa jalada kulikuwa na kijifuko cha kuwekea ile kofia ya chuma ya kidoleni. "Watu wanakusanya hivi vitu, wanaviita vya Kiviktoria," aliniambia siku ile. "Hiki alikishona bibi wa bibi yangu."

Nilienda nacho sebuleni kikidondosha maji.

"Madam, nimekiharibu. Kilikuwa mfukoni na mimi sikuangalia."

Alikipokea kwa mikono miwili. Rangi ya zambarau ikamtiririkia vidoleni.

"Ni kitambaa tu," akasema. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Nilipiga deki sebule mara mbili ingawa ilikuwa safi. Nilikuwa nimeshafokewa Dubai, tena na watu wanaojua kufoka, na nilikuwa nimejifunza kusimama na kungoja wamalize. Mlango uliofungwa polepole sikujua nisimame nao vipi. Basi lilipokaribia kuja, nikabisha.

"Madam, niruhusu nikichukue. Nitakutengenezea."

"Hakitengenezeki."

"Basi nitakushonea kingine."

Akanitazama. "Unajua kushona?"

"Kabla sijaja huku nilishona sare za shule miaka tisa."

Akakitia kwenye mfuko wa plastiki akanipa. Nadhani alifanya hivyo ili mazungumzo yaishe.

Tulikuwa tukiishi sita katika chumba kimoja Al Nahda. Kitanda cha chini yangu alilala dada mmoja wa Kizanzibari aliyefanya kazi saluni, na yeye hakuelewa hata kidogo.

"Mwenzangu, bibi wa watu keshasema ni kitambaa tu. Khalas, yamekwisha. Unajitafutia kazi ya nini?"

"Hukuuona uso wake."

"Nyuso hupoa," akasema.

Siku yangu ya mapumziko nilitandika taulo kitandani, nikachukua kiwembe, nikaanza kukifumua. Nilijiona fundi. Nilikuwa nimeshona kaptula na sketi zisizohesabika kwa cherehani. Lakini mahali ambapo mimi ningepiga hatua nne za sindano, yule mwanamke alikuwa amepiga kumi na tatu, kwa mkono, na zote zinalingana. Nikagundua pia kwamba jalada halikuwa limegundishwa mahali popote. Kila upande ulikuwa vipande viwili vigumu, kila kimoja kimevikwa nguo yake, kisha vikaunganishwa mgongo kwa mgongo kwa kuzungushia uzi ukingoni. Na hicho kilichotiwa ndani ili jalada lisimame hakikuwa kadibodi ya dukani. Zilikuwa karatasi zilizopandanishwa.

Nilizitenganisha zikiwa bado na unyevu, nikazianika juu ya taulo. Zilikuwa zimeandikwa. Wino ulikuwa wa kahawia, umefifia, lakini haukutoka. Ulikuwa mwandiko wa mtoto: herufi m, mstari mzima, kisha mstari mwingine wa m, kisha mwingine. Nyingine zilikuwa zimelala ubavu.

Nilizipeleka siku iliyofuata ya zamu yangu, zikiwa ndani ya gazeti. Madam alivaa miwani, akaketi. Akazigeuza moja moja. Halafu akacheka, sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika nyumba ile.

"Tazama m hii. Ina miguu minne." Akaigusa kwa ncha ya kidole. "Nimefundisha watoto kuandika maisha yangu yote. Ningempa huyu alama mbovu sana." Kisha, taratibu, "Nimekibeba nchi baada ya nchi na sikujua kwamba kuna mtoto ndani yake."

Ningeweza kuishia hapo. Madam alikuwa amecheka, na hata kosa langu lilikuwa limezaa kitu. Dada wa saluni alinieleza hivyo hivyo jioni ile. Lakini mimi sikuwa nimemwahidi madam karatasi. Nilikuwa nimemwahidi kitabu cha sindano.

Cha kwanza kilikuwa aibu. Nilikata kadibodi ya boksi la sereali, nikaenda mtaa wa Al Muraqqabat kununua kitambaa cha kurasa. Mwenye duka akanipa kile cha plastiki wanachotumia watoto kwa kazi za shule. Nilipouliza sufu, akatikisa kichwa akacheka, "Same same, sister," yaani vyote ni kimoja. Jalada lilijikunja kama chapati iliyokaa. Kurasa nazo nilizichomeka sindano nikaziacha karibu na dirisha la bafu letu. Kwa joto na unyevu wa Agosti, baada ya wiki mbili kila sindano ilikuwa na doa la kutu. Madam ndiye aliyenieleza kwa nini: sufu halisi ina mafuta ya kondoo, na mafuta hayo huilinda sindano. Haikuwa same same.

Cha pili kilikuwa na jalada zuri na mshono mbovu. Nilikifumua mara tatu mpaka hariri ikachanika.

Sufu ilikuja kutoka mahali nisipopatarajia. Kanisani kwetu kulikuwa na kaka mmoja Mganda, mlinzi kwenye ghala la vitambaa Ras Al Khor. Nilipomsimulia shida yangu, akaniambia kwamba vitabu vya sampuli za suti vikipitwa na wakati hutupwa pale pale mlangoni kwake.

"Usichukue bila ruhusa," nikamwambia. "Sitaki uingie matatani kwa ajili ya sindano."

"Dada, mimi ndiye mlinzi," akajibu. "Nitajiuliza mwenyewe?" Alipoona sicheki, akaahidi kumwuliza msimamizi. Msimamizi alimwambia chukua, yalla, nipunguzie takataka. Jumapili iliyofuata alikuja ibadani akiwa na mfuko mzito. Ndani yake mlikuwa na miraba ya sufu, ya kijivu na nyeusi kwa wingi, na katikati yake michache ya rangi ya maziwa. Niliichagua ile myeupe pale pale nje ya kanisa, watu wakitupita.

Cha tatu nilikishona kwa wiki saba. Nilishona ndani ya basi likiwa limesimama kwenye foleni, na nilishona wakati wenzangu wanangojea zamu ya jiko. Nilijiwekea sharti: hatua kumi na tatu, au nafumua. Vidole vilitoboka. Siku moja dada wa saluni alinyanyuka kitandani kwake, akafungua sanduku, akanitupia kofia ya chuma ya kidoleni.

"Chukua kastabini yangu, nimechoka kukutazama. Unatia damu kwenye hariri ya watu."

Tangu siku hiyo akawa mkaguzi wangu. Alikuwa akikishika kitabu kwenye mwanga wa dirisha na kusema, "Hapa umekimbia," na kweli nilikuwa nimekimbia.

Nilimpelekea madam. Nilikiweka mezani mbele yake. Alikifungua, akapitisha kidole kwenye kingo, akakifunga, akakifungua tena.

"Kurasa zimezidi jalada," akasema hatimaye. "Kidogo sana. Unene wa uzi."

Nilikitwaa, nikatazama. Alisema kweli.

"Nipe mkasi, madam."

"Sikusema ufanye sasa hivi. Na kazi?"

"Vyombo vitangoja."

Niliketi kwenye kiti chake cha kulia chakula, kwa mara ya kwanza, nikafumua kurasa, nikazipunguza, nikazishona upya kingo zote. Yeye alikaa upande wa pili akinitazama, kisha akainuka akaosha vyombo mwenyewe. Nilipomaliza, alileta kikopo chenye zile sindano zilizonusurika mashineni, akazichomeka moja moja, ndogo hadi kubwa. Hakuniambia asante. Alisema, "Sasa kiko sawa," na kwa mwalimu yule, maneno hayo yalinitosha.

Miezi michache baadaye alinialika siku yangu ya mapumziko. Alikuwa na kundi la wanawake wenzake wanaokutana kutarizi, nao walikuwa wamekiona kitabu na kutaka kujifunza. Nilivaa gauni langu la kanisani. Nilipoingia, mmoja wao, mgeni ambaye hakuwa ameambiwa mimi ni nani, aliniangalia akaniomba chai bila maziwa.

Madam akafungua mdomo, nikamwahi.

"Chai iko jikoni, birika limeshachemka," nikasema kwa upole. "Mimi leo nafundisha."

Yule mama aliona haya mpaka shingoni. Aliinuka akaenda jikoni, akarudi na vikombe viwili, kimoja akaniwekea. Nilikunywa. Halafu nikawagawia vipande vya kadibodi na hariri, nikawaonyesha namna ya kuvika nguo bila kuacha mkunjo kwenye pembe. Walikuwa saba mezani, na saa ya kwanza ilipopita, wanne walikuwa wameshatangaza kwamba hawawezi. Nilizunguka nyuma ya viti vyao. Yule wa chai alikuwa amepiga hatua tano mahali pa kumi na tatu, na alikuwa akijaribu kuzifunika kwa kidole gumba. Nikauinua ule mkono taratibu, nikampa mkasi mdogo, nikavuta kiti nikaketi kando yake.