Wifi Hajui Kuomba

Wifi yangu ana visingizio vya kutosha kufungua duka. Nasema hivi kwa mapenzi, maana ni dada wa mume wangu, tumeishi nyumba moja tangu mume wake alipoondoka bila kuaga, na hakuna mtu ninayemwamini zaidi yake kwa funguo zangu, watoto wangu na siri zangu. Lakini mwambie aombe mbele za watu. Hapo utamwona anavyoutafuta mlango kwa macho.

Kazi yake ni udobi katika hospitali kubwa ya mjini. Chumba chao kiko chini kabisa, nyuma ya jengo, kina mashine mbili za kufulia zinazonguruma kama zinagombana, mashine moja ya kukaushia, na meza ndefu ya kukunjia. Shuka hushuka pale zikiwa katika hali ambayo sitaieleza, hupanda zikiwa safi. Kila wodi ina rangi yake ya uzi kwenye pindo ili zisichanganyike: watoto njano, upasuaji nyekundu, wanawake kijani. Shuka za wagonjwa hazipigwi pasi, hukunjwa tu. Pasi ni ya makoti ya madaktari.

Kwenye meza ile alikuwa na mwenzake tuliyemwita Redio, na jina lilimkaa. Alianza kuongea asubuhi akitundika mkoba, akanyamaza jioni akiutundua. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili, ncha kwa ncha, na kwa miaka yote waliyosimama pale mmoja aliongea kwa niaba ya wote. Wifi aliitikia "mm" na "ehee". Akirudi nyumbani alikuwa na habari za mji mzima, na hakuna hata moja aliyokuwa ameiuliza.

Kanisani kwetu kuna kikundi cha faraja ambacho huwatembelea wagonjwa. Mchungaji alimtaka wifi ajiunge, na sababu yake ilikuwa rahisi: huyu tayari yuko hospitalini kila siku. Akaja nyumbani mwenyewe. Mara ya kwanza wifi alisema sauti yake ni ndogo. Mchungaji akajibu kwamba wagonjwa hawapendi kelele. Mara ya pili alisema hakusoma sana. Akaambiwa hakuna mtihani. Mara ya tatu alisema yeye ni mwanamke aliyeachwa, atamfariji nani, si watu watamcheka? Mchungaji akasema, "Mama, wengi walioko kule nao wameachwa." Mara ya nne wifi alisikia sauti ya mchungaji mlangoni akaenda kuoga. Alioga mpaka chai ya mgeni ikaisha, ndoo ya maji ikaisha, na mgeni mwenyewe akaaga.

"Mchagua jembe si mkulima," nilimwambia alipotoka.

"Ndicho ninachowaambia siku zote, wifi. Mimi si mkulima."

Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Nilimpa taulo kavu, nikaenda kuosha vikombe.

Kisha Redio akaugua. Ilianza kwa koo kuwasha na sauti kukwaruza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kutania kwamba betri zinaisha. Alikunywa dawa za mafua, akakunywa na za jirani. Alipokuja kupimwa ilionekana ni uvimbe, umekwisha kuenea, na daktari hakuona mahali pa kuukatia. Akapewa kitanda cha dirishani katika wodi ya wanawake, ghorofa ya pili ya jengo lile lile alilofanyia kazi. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kaka mmoja, mbali, aliyekuwa akipiga simu.

Kikundi cha faraja kilikwenda kumwona Jumapili, na Redio akawarudisha. Kwa adabu, lakini akawarudisha. Alisema waliomba mpaka akasinzia, akaamka, akakuta bado hawajafika kwenye jina lake. Kisha akamtuma muuguzi ashuke chumba cha madobi. "Mwambie mwenzangu wa mezani aje aniombee. Yeye, si mwingine. Aje kabla sijakata kauli."

Aliyajua maradhi yake. Alijua kwamba kabla ya roho itatangulia sauti, na alitaka hilo jambo lifanyike wakati bado anaweza kuitikia amina. Hakuomba kingine, na aliyeombwa alikuwa ghorofa mbili chini yake.

Wifi hakupanda. Laiti angekataa tungejua moja, lakini hakukataa, alisema kesho. Kesho yake mashine iliharibika, na ni kweli iliharibika. Siku iliyofuata makoti yalikuwa mengi. Siku nyingine alikuwa na mafua, akaogopa kumwambukiza mgonjwa. Badala ya kupanda akaanza kufanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika chumba kile. Alichagua shuka nzima kuliko zote zenye uzi wa kijani, akaipiga pasi pande zote mbili mpaka haikubaki na kunyanzi hata moja, akampa muuguzi aipeleke kitanda cha dirishani. Alifanya hivyo kila asubuhi, na msimamizi wao akajifanya haoni.

"Nimempelekea shuka," aliniambia jioni, uso umetulia kabisa.

"Hakuomba shuka."

"Wifi, nikifika pale nitasema nini? Yeye ndiye msemaji. Mimi nikifungua mdomo mbele za watu maneno yananikimbia. Mtu anakufa, halafu niende nikamwaibishe?"

"Sema chochote."

"Chochote si sala."

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Dada, nenda tu. Kaa naye."

"Nitakwenda," akasema, akaanza kukusanya vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavilia.

Nilikuwa na hasira naye, na sioni haya kusema. Kila siku muuguzi alishuka na habari, na kila siku habari zilikuwa fupi kuliko za jana. Leo amekunywa maziwa kidogo. Leo ameyakataa. Leo ananong'ona tu. Wifi aliniletea habari hizo nyumbani, akazieleza huku macho yakiwa kwenye sufuria, na mimi nikatamani kumshika mkono nimburute ngazini kama mtoto anayekwepa sindano.

Basi nikaenda mwenyewe. Nilimkuta Redio amekwisha mwili. Mikono yake iliyokuwa ikikung'uta shuka mpaka zikalia pa, sasa ilikuwa imelala juu ya shuka kama si yake. Kitanda cha pili alilala bibi mmoja mzee aliyeelekea ukutani, ambaye hakuwa na mgeni. Nikaketi. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, na kanisani nikisimama kuomba watu hubadilisha mguu wa kusimamia. Nikamwambia Redio, kwa kuwa mwenzake anachelewa, acha niombe mimi.

Akatikisa kichwa.

Naungama kwamba iliniuma kidogo. Nikainama nimsikie. "Ninyi mnamwamuru Mungu," alinong'ona, akapumzika, kisha akamalizia. "Yule anamwogopa."

Ndipo akamwita muuguzi, akamwonyesha shuka ya siku hiyo iliyokuwa bado imekunjwa kwenye kabati dogo, haijatandikwa. Muuguzi akamwinamia kwa muda mrefu, akaichukua, akatoka. Kilichotokea chini nilisimuliwa. Muuguzi aliiweka shuka mezani mbele ya wifi akasema, "Anasema hivi: shuka zako nazijua, nakutaka wewe. Amechukua muda kuyasema hayo, mama, na nilimwona anavyoumia. Kwa hiyo mimi sirudi juu peke yangu."

Wifi anasema hakupiga moyo konde wala nini. Hakusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Alipanda kwa sababu kushuka kusingewezekana, muuguzi alikuwa nyuma yake kwenye ngazi.

Akaingia wodini na aproni yake, mikono imelowa. Akasimama mwisho wa kitanda, upande wa miguu, akaushika upau wa chuma wa kitanda.

"Umechelewa," Redio akasema.

"Mashine iliharibika."

Ungeona macho ya Redio. Kama angekuwa na sauti yake ya zamani, hilo jibu lingemtosha kucheka mwezi mzima. Alivuta pumzi, akasema neno moja. "Omba."

Wifi akafumba macho. Nami nikafumba, kisha nikafumbua moja. Toroli la dawa likapita, likafika mwisho wa wodi, likarudi. Midomo ya wifi ilikuwa inatetemeka na hakuna kilichotoka. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na wifi wangu aliteleza kila tawi mbele ya macho yangu. Jasho lilimtoka. Vidole vyake kwenye ule upau vilibadilika rangi. Nilitaka kumsaidia neno, hata la kuanzia, nikakumbuka Redio alivyonitikisia kichwa, nikaacha.

Mara ikatoka, haraka haraka, kwa pumzi moja.

"Ee Mungu, tunakushukuru kwa chakula hiki ulichotupa, wabariki waliokiandaa, uwape na wale wasio nacho, amina."

Nilitamani sakafu inimeze kwa niaba yake. Hiyo ndiyo sala pekee ambayo wifi amewahi kuitamka kwa sauti maishani, mezani kwetu, wanangu wamefumba jicho moja na lingine liko kwenye nyama. Na sasa ameisema juu ya mtu ambaye tangu juzi hajameza hata maji.

Kifua cha Redio kikaanza kutikisika. Nilidhani ni maumivu, nikasimama kumwita muuguzi. Kumbe anacheka. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho, yakaingia masikioni, nikamfuta.

"Chakula gani, mwenzangu?" akanong'ona.

Wifi akajifunika uso kwa aproni. "Nimekosea. Ndiyo maana nilisema siwezi. Niliwaambia wote siwezi."

"Rudia."

"Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

Akarudia, polepole safari hii, akilia. Alipofika kwenye wale wasio nacho, Redio akanyoosha mkono. "Hapo," akasema. "Hapo hapo." Wifi akazunguka kitanda akaushika ule mkono, na Redio akasema amina, si kwa sauti kubwa, lakini sote tuliisikia. "Kesho uje tena."

Alikwenda kesho yake, na siku zilizofuata, kila mapumziko ya mchana, bila kula. Kama ningekuwa mtu wa kupamba hadithi, ningewaambia kwamba Redio alipata nafuu. Hakupata. Wifi alijaribu kuongeza maneno yake mwenyewe kwenye ile sala, na yaliyopatikana yalikuwa haya tu: "na koo lake, Mungu, na koo lake." Koo halikufunguka. Siku ya tatu au ya nne sauti ikakatika kabisa, yakabaki macho.

"Simwombi mambo makubwa," wifi aliniambia tukitandika vitanda vya watoto. "Kupona nimeacha kutaja. Namwomba ameze maji. Kijiko kimoja, wifi. Hata hicho?"

Mimi nilikuwa na mafungu ya maandiko tayari mdomoni, nikayameza. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kutokwenda. Sasa amekwenda, na nilikuwa nimemkasirikia mtu mwingine kabisa, nisiyeweza kumwambia mchagua jembe si mkulima.

Redio alikufa asubuhi, wifi akiwa chini na makoti. Katika haraka ya zamu kubadilishana hakuna aliyekumbuka kumwambia dobi. Alipanda mchana kama kawaida, akakuta godoro liko wazi na mhudumu analifuta kwa dawa.

Jioni alirudi nyumbani, akaketi jikoni bila kuvua viatu. Habari nilikuwa nimeshapata kwa simu. Nikazima moto, nikaketi karibu naye, nikamwambia pole. Hakulia.

"Yule bibi wa kitanda cha pili ameniita," alisema.

"Anataka nini?"

"Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Akasema, wewe wa sala ya chakula, njoo na huku. Nikamwambia bibi, mimi sijui kuomba, yule alikuwa mwenzangu tu wa kazini. Akasema najua hujui, nimekusikia siku zote hizi. Akasema kaa."

"Ukakaa?"

"Nilikaa. Na yeye hamezi, wifi. Na wa kitanda cha tatu hamezi, naye alikuwa ameinua kichwa ananitazama." Akaitazama mikono yake, iliyonyauka kwa sabuni. "Redio mwenyewe hakumeza. Wodi nzima ile, na mimi sina sala nyingine. Sasa nitafanyaje?"

Nikainama nikamvua viatu. Asubuhi alinawa uso, akachukua mkoba, akatoka mapema kuliko kawaida ili apite wodini kabla ya kazi.