Nilisalimia jukwaa zima la migomba, nikaambiwa nitafukuzwa

Wakuu, hamjambo huko mliko? Hii ilinitokea mwenyewe, Tukuyu, enzi zile kompyuta unaipangia foleni. Sijaongeza chumvi, haihitaji.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Mpuguso baada ya kuzurura Mbeya, Tunduma hadi Kyela. Shule niliacha mapema, ila kudadisi sikuacha.

Nikakuta migomba ya mama inaanguka yenyewe, hata yenye mikungu. Mama kachoka, anataka kung'oa shamba zima apande chai. Nikamwomba anisubiri nikaulize kwenye intaneti. Akauliza hiyo intaneti inalima wapi.

Bulyaga, palepale mjini Tukuyu, kulikuwa na kafe ya intaneti ya dada mmoja, Tumpe. Akanitafutia jukwaa la wakulima wa ndizi wa dunia nzima. Kiingereza kitupu.

Sasa, kwetu huingii kwa mtu ukaanza na shida. Nikamwandikia kila niliyemwona kwenye ukurasa: nyumbani hawajambo? Watoto je? Mvua ipo? Kiingereza changu kilikuwa cha kwenye chupa za dawa, lakini nilijitahidi. Shida yenyewe nikaiacha ya kesho, kwa heshima.

Kesho yake nakuta onyo la moda, msimamizi wa jukwaa: nimejaza uchafu, nikirudia nafukuzwa. Mwingine kaandika nikajifunze Kiingereza kwanza.

Nikawaka. Nikaanza kushusha matusi ya Kiswahili, wakatafute wa kuwatafsiria. Tumpe akaweka mkono mbele ya skrini.

"Kaka, hawajui kama ulikuwa unabisha hodi. Wamesikia kelele tu."

"Kwa hiyo mwenye Kiingereza ndiye mwenye nyumba?"

"Wewe umeleta migomba au umeleta vita?"

Nikawakumbuka vibarua wa chai wanaotoka wilaya za mbali. Wakija kwetu tunapiga Kinyakyusa mbele yao, halafu tunashangaa mbona hawacheki.

Nikafuta yote. Nikauliza swali fupi, kavu, bila habari za mtoto wa mtu. Mwishoni nikashindwa kujizuia, nikaandika "Asanteni".

Siku chache baadaye akajibu mwanachama mmoja, kati ya wale niliowasalimia, ambaye siku zote aliandika Kiingereza kilichonyooka:

"Nyumbani hawajambo, ndugu yangu. Watoto wazima. Mvua ipo. Mimi ni wa Bukoba, na tangu nije huku ughaibuni hakuna aliyewahi kuniuliza. Haya, tuje kwenye migomba."

Kumbe waliokuwa wanaiangusha ni fukusi, wadudu wanaotoboa mgomba kwenye kitako. Unachukua shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, unalipasua, unalilaza kifudifudi shambani. Wanajikusanya chini yake, asubuhi unawaokota. Mama aliokota huku anaimba. Chai hakupanda.

Kiingereza nilikuja kujifunza, tena humohumo jukwaani. Bado naona si haki salamu ya mtu kuitwa uchafu kwa sababu ya lugha. Ila siku hizi nikiingia ugenini naangalia kwanza wenyeji wanabishaje hodi.

Kuna mwenzangu aliyewahi kuponzwa na salamu? Aseme, nitamjibu kila mmoja.

Na nyumbani hawajambo?