Mahali pa Shosho Kwenye Mstari wa Pareto

Harufu ya pareto iliyoanikwa juani ni kavu, chungu kidogo, na hukaa puani kama vumbi la chaki. Mwaka ambao mama alikuwa chuoni akisomea ualimu, niliachwa Molo kwa mama yake, ambaye sote tulimwita Shosho, na harufu hiyo ilikuwa kwenye blanketi, kwenye sweta langu la shule, hata kwenye uji. Asubuhi ukungu ulilala juu ya boma hadi usione choo kilipo, jambo lililoniletea matatizo ambayo sitayasimulia. Jua lilipokausha umande, maua hayo ya kutengenezea dawa ya wadudu yalijitokeza meupe mteremko mzima, na wanawake wakaingia shambani, kila mmoja na kikapu kiunoni.

Msimu huo ndio Shosho alianza kutupotea. Aliniita kwa majina ya wajomba zangu, walio hai na waliokufa, bila ubaguzi. Alitia chumvi kwenye chai, nami nikainywa, kwa kuwa nililelewa kutobishana na wakubwa. Siku moja alishika njia kwenda kwenye shamba la Mzungu alikofanya kibarua akiwa msichana, akihofu kwamba amechelewa. Jirani yetu Rael alimkuta barabarani. Hakumwambia kwamba Mzungu huyo aliondoka zamani. Alimwambia tu kwamba huko leo hakuna kazi, warudi wakachume nyumbani.

Wanawake wa pale walichuma kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na Shosho alipoanza kusahau hawakumtoa kwenye zamu. Walimweka katikati ya mstari, Rael upande mmoja na Tabitha, rafiki yake wa tangu ujana, upande wa pili. Na kila asubuhi, kabla ya salamu, kila mmoja alijitaja, ili mwenzao asilazimike kubahatisha.

"Ni mimi Rael, mama. Ule jirani wa huko chini, mwenye ng'ombe ya pembe moja."

"Kwani nimekuuliza?" Shosho alijibu. "Mimi nakujua. Hata hiyo ng'ombe naijua, ina akili kukushinda."

Wote walicheka, na Shosho alicheka kuwashinda, na siku ikaanza vizuri.

Mjomba wangu mkubwa alikuwa na kazi nzuri Nakuru, na moyo mzuri pia, ndiyo maana siwezi kumlaumu. Alikuja Jumapili moja, akasimama mbele ya mama yake, akafanya lile ambalo karibu sote hulifanya tukitoka mjini.

"Mama, unanijua? Mimi ni nani?"

Shosho alimtazama viatu, kisha tai, kisha uso. "Wewe ni mgeni," alisema kwa adabu. "Karibu chai."

Mjomba aligeuka akautazama ukuta. Chai ilipofika alikuwa ameshaamua: mama yake angehamia Nakuru, kwenye nyumba ya mawe yenye maji ya moto.

"Huko atachuma nini?" Rael aliuliza.

"Hatachuma kitu. Amefanya kazi ya kutosha. Atakaa tu."

"Atakaa na nani?"

Mjomba alisema nyumba yake imejaa watu. Ilikuwa kweli, ila watu hao walienda kazini na shuleni asubuhi, wakarudi jioni wakiwa wamechoka.

Mimi niliachwa kwa Rael niendelee na masomo, na shule zilipofungwa nilipelekwa kumwona. Nyumba ilikuwa safi na hakuna aliyemkosea kwa lolote. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, vidole vyake vikichomoa nyuzi za kitambaa cha kiti, moja moja, na kuzirundika mapajani. Hakuwa akiongea tena. Baadaye akaanza kukataa chakula, na daktari hakuona ugonjwa mpya. Mjomba, mtu ambaye hakuwahi kukubali hata kwamba gari lake limezeeka, alikubali kwamba amekosea. Akamrudisha Molo.

Asubuhi iliyofuata wanawake walifika mlangoni, wakajitaja. Shosho aliangalia chini. Hawakumuuliza kitu. Walimfunga kikapu, wakampeleka mahali pake kwenye mstari, wakaendelea kumsengenya naibu wa chifu kana kwamba hakuwahi kuondoka. Kwa siku kadhaa alisimama tu, ua moja mkononi. Kisha nikamsikia, kwa sauti ya mtu aliyevumilia vya kutosha: "Tabitha, hayo bado yamefumba. Unachuma kama mtu anayekimbizwa."

Tabitha aliketi chini katikati ya pareto, akafunika uso kwa leso.

"Inuka," Rael alimwambia. "Umeambiwa ukweli."

Shosho hakupona. Jina langu halikumrudia kamwe, na aliendelea kusahau hadi alipofariki, miaka kadhaa baadaye. Lakini alisahau akiwa na watu. Siku hizi wataalamu wanasema upweke huumiza akili ya mzee, na mimi, niliyesomeshwa hadi chuo kikuu, huitikia kwa kichwa kana kwamba ni habari mpya.

Sasa ni zamu ya mama. Alifundisha Molo hadi akastaafu, na alipoanza kusahau nilimleta kwangu Nakuru, kwenye geti la umeme na muuguzi wa kulipwa. Nilijiona mtoto mwema. Ameanza kunyamaza. Mwezi uliopita nilikwenda Molo kuona kama kuna wa kumpokea nikimrudisha. Pale palipokuwa na pareto sasa ni viazi. Nilimkuta Mama Njeri, aliyefundisha pamoja na mama, akichambua mbegu za viazi uani, nikamuuliza wenzao wako wapi.

"Wamechukuliwa na watoto wao," alisema. "Mmoja yuko Ruaka, mwingine Eldoret. Hata mimi Njeri anakuja kunichukua tukishavuna. Ameniwekea chumba iko na bafu ndani." Alikitazama kiazi mkononi. "Sasa mwalimu huko kwako anaongea na nani?"

Nilimwambia tumemnunulia televisheni kubwa.

"Hata mimi nimeahidiwa," alisema, akarudi kwenye viazi vyake.