Kitanda Kilichoziba Mtandao

Shule niliishia darasa la tatu, huko Ruangwa, kwa hiyo sitasema najua kompyuta. Najua kitanda.

Binti yangu wa mwisho alipokwenda Urusi kusoma, chumba chake hapa Nachingwea nilikifunga. Kwetu kitanda cha aliyesafiri hakisogezwi mpaka arudi. Ukikisogeza umemwambia asirudi. Mwaka wa sita ukaingia. Simu alipiga, lakini simu ni sauti tu. Mimi nilitaka kuuona uso.

Basi akatuma kompyuta aliyokuwa akisomea, ikaja imefungwa kwenye blanketi. Mke wa mwanangu mkubwa, mwalimu wa Marambo, akaja likizo kuiunganisha. Aliiweka mezani chumbani kwa binti, maana ndimo ilimokuwa soketi nzima.

"Mama, hii ina Linux. Siyo kama tulizosomea chuo cha ualimu."

"Ina nini?"

"Linux. Ndiyo inayoiendesha."

"Basi na iendeshe. Tumekaa toka asubuhi."

Kweli tulikaa. Alichomeka modemu, kidude kama kidole gumba, kompyuta ikaidhani ni flashi ya kuwekea mafaili. Binti alikuwa amemsomea maelekezo kwenye simu, naye kayaandika daftarini: amri za kuingiza herufi kwa herufi kwenye kioo cheusi. Akakosea nukta, akarudia. Adhuhuri taa ya modemu ikawaka buluu. Nikaambiwa barua ya binti ipo, na ina picha.

Picha ikaanza kushuka taratibu, kama mkeka unaokunjuliwa. Kofia. Paji la uso. Nyusi, zile za marehemu baba yake. Ikagoma hapo hapo.

"Mtandao hafifu," mkwe akasema. "Tuisogeze dirishani, mnara uko upande ule. Ila kitanda kimeziba."

"Kitanda hakisogezwi."

"Modemu haitafika, mama."

"Nimeshasema."

Akafuta jasho, akanitazama. "Mama, unamtaka mtu au unakitaka kitanda?"

Nilitaka kumtukana. Nikamwambia ashike miguuni. Kichwani nikashika mwenyewe.

Meza ikakaa dirishani. Macho yakashuka, pua, kisha mdomo ameufumba, maana anaficha jino alilolivunja alipoanguka kutoka kwenye mkorosho. Amekonda. Nikamwuliza, "Wewe, huko hawali?"

"Mama, picha haisikii."

Kana kwamba sijui.

Kitanda hakikurudi mahali pake. Meza ilibaki pale, na barua zikawa zinakuja. Yeye hajaja. Miguu ya kitanda iliacha vishimo vinne kwenye udongo. Kila nikisiriba sakafu, hapo naruka.