Kadi Isiyo na Pa Kukaa

Shuleni walimwita Mwalimu Ratiba, ingawa aliajiriwa kufundisha jiografia. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyepanga ratiba ya shule nzima, kwa kadi za rangi na pini kwenye ubao wa chumba cha walimu, masharti yote akiyabeba kichwani. Kuandika masharti, alisema, ni kazi ya wasahaulifu. Kichwa chake kilikuwa kabati kweli, lakini hata kabati hujaa.

Muhula huu ratiba iligoma. Wiki tatu alipanga na kupangua, na kila mara ikambakia mkononi kadi moja ya fizikia isiyo na pa kukaa. Mwalimu mkuu, mtu wa maneno machache na yote makali, akamwambia, "Ijumaa, Mwalimu. Ikishindikana, kazi hii tutawapa walimu vijana." Hapo ndipo lilipomuuma. Aliona uzee umemwingilia kwa mlango wa nyuma, na chakula kikawa hakimpiti kooni.

Alhamisi mdogo wake wa kiume akaja kumjulia hali. Huyu hufundisha mantiki chuo kikuu, kazi ambayo dada mtu hakuwahi kuielewa wala kuionea wivu.

"Nisomee masharti," alisema.

"Yamo kichwani."

"Basi yatoe, dada. Moja moja, naandika."

Yakatoka arobaini na moja. Mdogo mtu akayapitia, akatabasamu. "Una bahati. Kuna masharti ambayo hakuna njia duniani ya kukuhakikishia kama yanatimizika au la. Utatafuta mpaka mwisho wa dunia. Yako siyo hayo. Kila moja linagusa vitu viwili tu kwa wakati mmoja: darasa na siku, mwalimu na chumba. Ya namna hiyo jibu lipo daima, ndiyo au hapana. Ila kulitafuta kunaweza kukumaliza umri."

"Umri wenyewe umebaki kiduchu!"

Wakacheka, wakaanza kuyachambua. Chai haijapoa, wakayakuta matatu yanayogongana. Mwalimu wa fizikia huja Jumatatu na Jumatano tu. Kila darasa la fizikia, nayo ni matatu, lazima liingie naye maabara asubuhi. Na madarasa mawili yasiingie maabara siku moja. Kwa kuwa fizikia aliipanga mwisho siku zote, kila mara aliona kosa ni lake.

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Haiwezekani, dada. Madarasa matatu, siku mbili. Hata malaika asingeipanga."

Mwalimu Ratiba akalia, na kilio kilikuwa cha kutua mzigo.

Ijumaa alimpelekea mwalimu mkuu karatasi yenye mistari mitatu.

"Umeshindwa?"

"Nimemaliza. Haya matatu hayakai pamoja. Futa moja, chagua wewe."

Mwalimu mkuu akasoma. Sharti la tatu alilileta mwenyewe muhula huu, eti vifaa visichakae. Akakohoa, akachukua kalamu, akalifuta.

Saa saba mchana ubao ulikuwa umejaa. Mwalimu Ratiba aliutazama mkono wake, ulikuwa mtupu. Akaenda kula.